Wabunge wa Dar wana msimamo gani kwenye mambo ya nje, au wanagonga meza tu?

#1 Kibarua wa Gerezani
Wakuu, habari za jioni.

Juni hii ya 2025 Bunge linaelekea kuvunjwa na watia nia wameshaanza kujaa misibani. Kwetu Keko kaja mmoja, kakaa mstari wa mbele, katoa ubani, kaaga kwa kutuahidi lami mpaka uchochoroni. Sawa, lami tunaitaka. Ila mimi nina swali lingine.

Mambo ya ndani wabunge wa mkoa huu nawasikia: mitaro, maji, mwendokasi, machinga. Mambo ya nje siwasikii kabisa. Mkataba wa bandari iliyopo hapahapa mjini, Malawi kutuzuia mchele, Marekani kufunga bomba la fedha za dawa, sisi na Wakenya kutukanana mwezi uliopita. Nitajieni mbunge mmoja wa Dar aliyesimama na kusema msimamo wake ni upi kabla waziri hajasema wake. Mmoja tu.

Mimi nadai hivi: mambo ya ndani wanapiga kelele, mambo ya nje wanagonga meza. Pingeni kwa hoja, matusi wekeni akiba.

#2 Sisimizi Mweusi
Nimekaa hapa na kashata zangu. Endeleeni.

#3 Duka la Nyuma
Mkuu umesahau haraka. Mwezi uliopita wabunge wote walikuwa mabalozi! Wakenya walipozipata namba zao za simu na kuanza kuwapigia usiku na mchana kuhusu wale wanaharakati waliokamatwa na kufukuzwa hapa nchini, Dodoma nzima ilijaa wataalamu wa mambo ya nje. Msimamo walikuwa nao, tena mkali.

#4 Chuma cha Reli
#3 umenichekesha nikiwa kwenye daladala, abiria wananiangalia. Na kabla povu halijakauka, tarehe 27 Mei Mama Samia akawaomba radhi majirani. Wakabaki wanajifuta midomo.

#5 Karani Mstaafu
Mleta uzi, umeomba mmoja. Nakupa: Dk. Faustine Ndugulile, Kigamboni. Agosti 2024, kule Brazzaville, nchi za Afrika zilimchagua kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika. Mbunge wa jimbo la pantoni aliwashinda wagombea wa nchi nyingine za bara zima. Bahati mbaya alifariki India tarehe 27 Novemba mwaka huohuo, kabla hajakalia kiti.

Pia msisahau alikotoka. Alikuwa Naibu Waziri wa Afya tangu 2017, akaondolewa Mei 2020 korona ikiwa imepamba moto, akarudi Desemba kama waziri wa mawasiliano. Huyo hakuwa mgonga meza.

#6 Kibarua wa Gerezani
#5 Mungu amrehemu. Ila hiyo ni kazi aliyoiomba na serikali ikamuunga mkono. Mimi nauliza msimamo ndani ya Bunge. Hata Spika wa Bunge hili, Dk. Tulia, alichaguliwa Rais wa IPU, umoja wa mabunge duniani, Oktoba 2023 kule Luanda, tukapiga vigelegele. Sasa niambie, cheo hicho kimebadilisha nini kwenye mjadala wa Dodoma kuhusu mikataba?

#7 Binti Pantoni
Mimi ndiyo wa Kigamboni yenyewe, niseme kidogo.

Marehemu alipokuwa akija kwetu Tungi kwenye mikutano hakuna aliyemuuliza mambo ya WHO wala chanjo wala Geneva. Nakumbuka mkutano mmoja, mama mmoja kashika tiketi za daraja kazifunga kwa raba, anazipunga hewani: "Mheshimiwa, hizi nimezilipa kuvuka kwenda kliniki tu!" Mkutano mzima ukageuka wa tozo ya daraja na kivuko kilichoharibika. Akajibu mpaka giza likaingia, na tozo zikaja kupunguzwa baadaye.

Kwa hiyo tusiwalaumu wabunge peke yao. Mtu anajibu anachoulizwa. Tungemuuliza ya nje angetujibu, alikuwa msomi.

#8 Mpiga Debe Mwenge
#7 umemaliza kila kitu. Sisi wapigakura ndiyo tatizo. Ukimuuliza mtia nia kuhusu Umoja wa Ulaya kijiweni, wenzako wanakuuliza umekunywa nini.

#9 Karani Mstaafu
#8, hapo #7 hajamaliza lolote, tuangalie na kanuni.

Kwanza, Katiba Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Nguvu ipo kwenye maandishi. Pili, angalieni jinsi kura zinavyopigwa. Bajeti ya Serikali inapigiwa kura kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, na unaweza kujua mbunge wako alisema nini. Na bajeti ndiyo yenye rungu, kwa sababu wakiikataa Rais anaweza kulivunja Bunge, Ibara ya 90. Lakini maazimio mengi ya mikataba hupita kwa sauti: wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, waliosema ndiyo wameshinda. Hapo mleta uzi hata ukitaka kumshika mbunge wako wa Temeke utamshika wapi? Sauti haina jina.

#10 Nahodha Mkavu
Karani leo umenigusa. Mimi ni wakala wa forodha, nimezeeka nikizunguka na makaratasi ya mizigo Kurasini. Ule mkataba wa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, tuliusubiri kama mpangaji anayesubiri kusikia nyumba imeuzwa kwa nani. Bunge lilipitisha mkataba Juni 10, 2023, siku ya Jumamosi, mjadala wa siku moja. Sisi tunaoishi kwa bandari hiyo tuliusoma kwenye WhatsApp.

#11 Mwanasheria wa Kijiweni
#10 rekebisha. Bunge lilipitisha azimio la kuridhia makubaliano ya serikali kwa serikali, kati ya Tanzania na Dubai, yaliyosainiwa Oktoba 25, 2022. Mikataba yenyewe ya uendeshaji ilisainiwa baadaye, Oktoba 22, 2023, Ikulu ya Chamwino. Ndiyo inayohusu gati namba 4 mpaka 7 na muda wa miaka 30. Watu wanachanganya hivi vitu viwili kila siku.

#12 Nahodha Mkavu
#11 na hapo ndipo penye kidonda! Kilichokwenda bungeni ni kile cha jumla, na ile ya gati, miaka na malipo ikasainiwa bila mbunge yeyote kunyoosha mkono. Sasa aliridhia nini?

Halafu Kifungu cha 20 cha makubaliano kinapeleka usuluhishi Johannesburg. Bunge hilihili mwaka 2017 lilipitisha kwa hati ya dharura ile Sheria Namba 5 ya mamlaka ya nchi kwa rasilimali zake, inayosema migogoro ya rasilimali iamuliwe na vyombo vya hapa nchini. Chama kilekile, meza zilezile, zikagongwa mara zote mbili.

#13 Mwanasheria wa Kijiweni
Sheria ya 2017 inahusu utajiri na maliasilia. Gati ni saruji na chuma. Kuna wanaosema bandari imo, kuna wanaosema haimo. Kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa Agosti 10, 2023.

#14 Nahodha Mkavu
Bahari pale Kurasini imechimbwa na mkandarasi?

#15 Sisimizi Mweusi
😂😂 #14

#16 Chuma cha Reli
Nahodha kabla hujapanda jazba, kazi imeendaje tangu waje? Tupe ya ndani.

#17 Nahodha Mkavu
#16 nitasema haki. Meli hazikai nje kama zamani, hilo naliona kwa macho. Ila mteja wangu mdogo, mwenye kontena moja la nguo, bado gharama za kuhifadhi kwenye bandari kavu zinamnyonya. Mwezi uliopita tumekaa na mzigo kwenye yadi moja, kila siku wanaongeza kitu kwenye ankara, ukiuliza wanakwambia mfumo. Hiyo ya yadi ni ya ndani au ya nje, sijui niipeleke kwa nani. Nilimwandikia mbunge, msaidizi wake akanijibu nilete wazo la mradi wa Mfuko wa Jimbo.

#18 Mpiga Debe Mwenge
😭😭 Mfuko wa Jimbo utatoa kontena?

#19 Babu wa Magomeni
Vijana salama.

Nyinyi mnamtafuta mbunge mwenye msimamo, nami nawakumbusha 2007. Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini, alisimama kuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London na waziri wa nishati na madini wa wakati huo, Karamagi. Hotelini, Uingereza! Akaomba iundwe kamati teule. Matokeo yake akasimamishwa ubunge mpaka Januari mwaka uliofuata. Alipotoka pale akawa shujaa, watu walimpokea Dar hii kama mwanamuziki. Na kelele zile ndizo zilizozaa Kamati ya Jaji Bomani, na baadaye sheria mpya ya madini ya 2010. Mbunge mmoja, tena wa upinzani, kijana wa miaka thelathini.

#20 Mwanasheria wa Kijiweni
Babu, 2007 Zitto alikuwa wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema. Kigoma Mjini ni 2015 mpaka 2020, ameshahamia ACT.

#21 Babu wa Magomeni
Kaskazini, Mjini, ziwa ni lilelile. Hoja umeielewa.

#22 Chawa Pro Max
Huyohuyo Zitto wenu Januari 2020 aliandika barua Benki ya Dunia wasitoe mkopo wa dola milioni 500 za elimu ya sekondari. Huo ndiyo msimamo wa mambo ya nje mnaoutaka? Mbunge anaizunguka nchi yake ughaibuni? Wabunge wetu wanaokaa kimya wana busara. Nchi moja, sauti moja.

#23 Binti Pantoni
#22 tuwekee na upande wa pili. Sababu aliyoitaja ni wasichana waliokuwa wakipata mimba kufukuzwa shule. Benki ilisogeza uamuzi mbele, mkopo ukapita Machi 31 mwaka huohuo. Na Novemba 2021 serikali yenyewe ikawaruhusu mabinti kurudi darasani. Mdogo wangu ni mmoja wao, yuko Form Three. Kwa hiyo usaliti uko wapi?

#24 Chawa Pro Max
Serikali iliamua yenyewe, haikusukumwa na barua ya mtu.

#25 Kibarua wa Gerezani
Chawa umejitambulisha kwa jina, tunakuheshimu kwa hilo. Ila Zitto si wa Dar. Bado nasubiri.

#26 RangiTatu
Leteni wa Dar basi. Askofu Gwajima, Kawe! 2021 alisimama na chanjo ya korona, dunia nzima inasema chomeni yeye anasema msichomwe kabla hamjaelezwa. Hiyo ni sera ya nje na ya ndani kwa pamoja, kwa sababu chanjo zilitoka nje kwa mpango wa COVAX na serikali ilishaamua. Mkubali mkatae, alikuwa na msimamo.

#27 Karani Mstaafu
Na akalipia. Agosti 31, 2021 alisimamishwa kuhudhuria mikutano miwili ya Bunge. Siku hiyohiyo na Jerry Silaa wa Ukonga, aliyesema mishahara ya wabunge haikatwi kodi. Silaa yeye na uwakilishi wa Bunge la Afrika, lile la Midrand, ikaamuliwa auachie. Angalieni adhabu: amezungumzia kodi ya ndani, akanyang'anywa kiti cha nje.

#28 Tajiri Mtarajiwa
Na baadaye Silaa akawa waziri. Alipitia ardhi, kisha mawasiliano. Somo limeeleweka 😂

#29 Binti Pantoni
Mnaona maajabu ya Dar? Mkoa mmoja, chama kimoja, kipindi kimoja: mmoja anapinga chanjo na mwingine daktari anakwenda kuchaguliwa WHO. Mleta uzi anasema hawana misimamo. Wanayo, tena inapishana.

#30 Kibarua wa Gerezani
Ya Gwajima ilikuwa mimbari ya kanisani zaidi ya Bunge. Na mwezi uliopita kazungumzia utekaji, mwezi huu kanisa likafutiwa usajili. Kwa hiyo ukinipa Gwajima umenipa sababu ya wengine kunyamaza.

#31 Moderator
Tusitoke nje ya mada. Masuala ya usajili yana uzi wake.

#32 Babu wa Magomeni
Kunyamaza kumeanzia juu zaidi. Ndugai alikuwa Spika, mhimili mzima, si mbunge wa kawaida. Desemba 2021 akazungumzia nchi kukopakopa nje. Akajibiwa hadharani, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Mbunge wa Segerea au Kibamba akiona Spika kaondoka kwa neno la mikopo, atathubutu? Mimi nisingethubutu, na nimezeeka, sina cha kupoteza.

#33 Mwanasheria wa Kijiweni
Hiyo ya Babu ni woga. Mimi naona ni muundo. Mawaziri wetu wanatoka miongoni mwa wabunge, Katiba Ibara ya 55. Hesabu majimbo kumi ya Dar katika Bunge hili la 2020 hadi 2025: Ubungo ni Kitila Mkumbo, waziri. Ukonga ni Silaa, waziri. Ilala ni Zungu, Naibu Spika. Hawa hawawezi kumhoji waziri mwenzao wala kushuka kwenye kiti wachangie. Mbunge wako akiwa waziri jimbo linapata lami na linapoteza mdomo.

Tena Kitila ndiye alikuwa waziri wa viwanda na biashara Septemba 2021 Bunge liliporidhia soko huru la Afrika, AfCFTA. Kwa hiyo mleta uzi, mbunge wa Dar aliyebeba jambo zito la nje unaye, ila alilibeba akiwa upande wa Serikali.

#34 Kibarua wa Gerezani
#33 sasa hiyo ndiyo hoja. Nimeelewa. Lakini yapo majimbo saba yaliyobaki.

#35 Duka la Nyuma
Hiyo AfCFTA Kariakoo hatujaiona bado. Tunachokiona ni mgeni ana fremu Msimbazi, anauza rejareja ileile ninayouza mimi, kwa bei ya stoo yake. Mwezi wa pili ikaundwa kamati ya kuchunguza. Mimi nafungua saa kumi na mbili asubuhi, yeye kashafungua. Nataka kumuuliza Zungu, jimbo ni lake, lakini kama anavyosema #33 yeye yuko kwenye kiti anaita majina ya wachangiaji.

#36 Mpiga Debe Mwenge
Duka la Nyuma huwa unafunga saa ngapi? Kuna kebo za simu nataka.

#37 Duka la Nyuma
Njoo PM.

#38 Mchele wa Tandale
Wakuu nimesoma wote. Mimi ni wa soko la Tandale, nafaka, na mwaka huu mambo ya nje yamenifikia hadi kwenye godoro.

Machi Malawi wakazuia baadhi ya mazao kutoka nje, mchele, unga, tangawizi, ndizi. Wakati huo nilikuwa nimeshaingia na jamaa wa Kyela, mchele wa kuvusha Kasumulu. Gari likarudishwa, magunia yakashushwa kwenye ghala la mtu, kodi inahesabu. Nikasema basi uleteni Dar. Bei ya Dar na nauli ya kutoka Mbeya haviongei. Dereva anapiga simu usiku ananiuliza "bosi tunaganda au tunashuka?" Hapo unataka umpigie nani? Mbunge wangu ni wa Kinondoni, mzigo uko Kyela, aliyezuia yuko Lilongwe.

Kisha Aprili sisi tukajibu. Tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Tufaha zikapanda hapa mjini, watu wakashangilia kwamba tumewaonyesha. Mimi sikushangilia, nilikuwa naomba wakae mezani.

#39 Karani Mstaafu
Pole sana #38. Na huo ni mfano mzuri wa kinachokosekana kwenye uzi huu. Ile amri ya Aprili ilitangazwa na Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe. Baada ya siku chache wakazungumza na zuio letu likaondolewa. Katika safari nzima hiyo, kwenda na kurudi, hapakuwa na azimio la Bunge wala kura. Mambo mengi ya nje yanayotugusa mfukoni hupita kwa amri na kanuni za waziri.

Mfano mwingine, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 28, 2025. Kodi ya nyumba Masaki haitakiwi tena kutajwa kwa dola. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini ni kanuni. Mbunge anaisoma kwenye gazeti la Serikali sawa na wewe.

#40 Tajiri Mtarajiwa
Mwenye nyumba Masaki anataja shilingi sasa, ila ukizigawanya unapata dola zilezile 😂

#41 Mchele wa Tandale
Asante Karani. Lakini hata kama hapigi kura, si angeuliza swali? Alhamisi asubuhi kuna maswali kwa Waziri Mkuu. Swali ni bure.

#42 Mbeba Maboksi
Nawasalimu kutoka Ohio.

Huku mbunge ana ukurasa wake, unaona kura zake zote, nje na ndani, Ukraine, Israel, ushuru, kila kitu. Unaweza kumpigia ofisini na karani wake anaandika maoni yako. Bunge lao limefuta fedha za USAID, shirika lao la misaada, na kliniki ya Mbagala ikapata mafua siku hiyohiyo. Ni aibu kusema, lakini mbunge wa Ohio kaamua mengi kuhusu dawa za Mbagala kuliko mbunge wa Mbagala.

#43 Mwanasheria wa Kijiweni
#42 uko Ohio na bado umepotea. Zile fedha zilisimamishwa kwa amri ya Rais wao, Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa. Bunge lao lilikuwa limeshazipitisha. Wengi wao walilalamika baadaye na wengine wakakaa kimya kwa sababu ni rais wa chama chao. Unasikia harufu ya kwenu hapo?

#44 Mbeba Maboksi
Lakini PEPFAR yenyewe, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge lao, 2003. Hilo pinga.

#45 RangiTatu
Mimi ni wa Mbagala mnayoitaja. Shemeji yangu alikuwa mshauri nasaha kwenye mradi mmoja wa kufuatilia wagonjwa majumbani. Ujumbe ukaja usiku, kesho msije. Ana orodha ya watu kwenye daftari, anawajua kwa sura, wengine majirani zetu. Akaendelea kuwazungukia kwa nauli yake mpaka nauli ikakata. Dawa zipo, tena serikali ilisema itaongeza fedha, nami sina sababu ya kukataa. Lakini ile kazi ya kubisha hodi imekufa.

Nilitegemea mbunge yeyote wa mjini, wa kwetu hasa, asimame aseme jimboni kwangu watu kadhaa wamepoteza kazi na wagonjwa kadhaa hawafuatiliwi. Namba tu. Hata bila kuilaumu Marekani.

#46 Chawa Pro Max
Bajeti imesomwa Alhamisi iliyopita, trilioni 56.49. Nchi inajitegemea zaidi. Ndiyo jibu la mambo ya nje hilo.

#47 Sisimizi Mweusi
#46 na derby ya Simba na Yanga iliyokwama Machi 8 ichezwe lini, bajeti imesema?

#48 Chawa Pro Max
Juni 25. Wananchi tunabeba.

#49 Chuma cha Reli
Msianze. Wabunge wana msimamo kwenye derby kuliko kwenye mkataba wowote, hilo mleta uzi uliandike.

#50 Babu wa Magomeni
Mnawaonea pia. Kuna siku Bunge lilisema hapana. Novemba 2016, ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, EPA. Wakauchambua, wasomi wakaja kuwafundisha, wakasema usisainiwe. Kenya na Rwanda walishasaini Septemba. Tukakaza. Mpaka leo wa Jumuiya nzima umelala, Kenya ikaishia kutafuta wa kwake.

#51 Mwanasheria wa Kijiweni
Babu, Serikali ilishasema haitasaini tangu Julai 2016. Bunge lilisema hapana baada ya mwenye nyumba kusema hapana.

#52 Babu wa Magomeni
Kijana una shida na mimi binafsi.

#53 Binti Pantoni
😂 Babu kunywa maji.

Lakini swali zuri. Je, EPA ingekataliwa kama Serikali ingeitaka? Na azimio la bandari lingepita kama Serikali isingelitaka? Kama majibu yote ni hapana, basi kanuni za Karani, mawaziri wa Mwanasheria, woga wa Babu, wapigakura wangu wa Tungi, vyote ni matawi. Shina ni kwamba mbunge akifukuzwa chama, ubunge umekwisha. Ibara ya 71.

#54 Karani Mstaafu
Si kweli moja kwa moja. Wapo wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na Chadema 2020 na mpaka Bunge linaisha wamekaa.

#55 Binti Pantoni
Karani hao wamekaa kwa sababu hawakumsumbua nani?

#56 Karani Mstaafu
Hilo sikusema mimi.

#57 Mpiga Debe Mwenge
Na wale wa Arusha, wa EALA, Bunge la Afrika Mashariki? Tuna tisa kule wanashughulika na mambo ya Jumuiya mwaka mzima. Nani hapa anaweza kutaja watatu bila kugugo?

#58 Sisimizi Mweusi
Makongoro.

#59 Mpiga Debe Mwenge
Huyo wa zamani.

#60 Sisimizi Mweusi
Basi narudi kwenye kashata.

#61 Mwanasheria wa Kijiweni
Hao huchaguliwa na wabunge wa Dodoma, hatuwapigii kura sisi. Kwa hiyo usishangae.

#62 Nahodha Mkavu
Sera mpya ya mambo ya nje imezinduliwa JNICC, ule ukumbi wa mikutano hapa Posta, Mei 19. Diplomasia ya uchumi, Kiswahili, diaspora, uchumi wa buluu. Imezinduliwa mita chache kutoka bandarini. Mimi nilipita pale siku hiyo na faili la mteja, barabara imefungwa. Sijaona mbunge akiileta kwenye kata akasema jamani kuna sera, ina maana gani kwa wavuvi wa Feri, kwa mawakala, kwa madereva wa Tunduma. Sera inapitishwa na Baraza la Mawaziri, sawa, lakini kuisoma kwa sauti hakuhitaji kibali.

#63 Kibarua wa Gerezani
Nashukuru wakuu. Naona nimepewa Ndugulile, Kitila na nusu ya Gwajima.

Majimbo yameongezeka, Chamazi na Kivule nazo zinataka wabunge wapya. Yule mtia nia wa kwetu anarudi Jumapili kwenye arobaini. Naombeni swali moja fupi la mambo ya nje la kumuuliza, ambalo wazee hawatanifukuza kwenye turubai.

#64 Mchele wa Tandale
Muulize: Malawi wakizuia tena mchele, ndani ya wiki ya kwanza atafanya nini, na atampigia nani.

#65 RangiTatu
Muulize anajua wagonjwa wangapi jimboni walikuwa wanafuatiliwa na miradi iliyofungwa.

#66 Mwanasheria wa Kijiweni
Muulize kama atadai mikataba ipigiwe kura ya majina.

#67 Chawa Pro Max
Muulize lami inaanza lini. Arobaini ya watu unaenda kuuliza Malawi?

#68 Duka la Nyuma
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Chawa. Ila la Tandale liulize pembeni, wakati wa pilau.

#69 Mpiga Debe Mwenge
Pilau la mchele upi, wa Kyela au wa Pakistani?